Protini kwanza, mafuta yapimwe, wanga ujaze kilichobaki

Wengi wanaoanza safari ya kukata mwili, yaani kupunguza mafuta huku misuli ikibaki, huanza kwa kuufukuza ugali mezani. Mboga iliyojaa mafuta inabaki, na baada ya wiki chache vyuma vinakuwa vizito na tumbo liko palepale. Mafuta ya mwilini yanapungua pale tu unapokula kalori chache kuliko unazotumia. Protini ya kutosha pamoja na mazoezi ya vyuma ndiyo inayolinda misuli wakati huo.

Tuchukue mtu wa kilo 80 anayefanya mazoezi mara tatu au nne kwa wiki. Zidisha uzito wake kwa 30: kalori 2,400 kwa siku, kadirio la kumbakiza kwenye uzito alionao. Toa 400, zibaki 2,000. Ukitoa 1,000 kwa pupa, njaa itakushinda na misuli itaondoka pamoja na mafuta.

Protini ianze: gramu 1.8 kwa kila kilo, yaani 144. (Mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kabla ya kupandisha kiwango hiki.) Mafuta gramu 0.8 kwa kilo, yaani 64. Usishuke sana chini ya hapo, maana homoni na vitamini A, D, E na K huyahitaji. Gramu moja ya protini au wanga ina kalori 4, ya mafuta 9. Hivyo viwili vimechukua 1,152. Zilizobaki, 848, ni za wanga: gramu 212.

Kwa chakula chetu cha kila siku, hesabu hiyo inatimia hivi: mayai matatu, kifua cha kuku kilichoiva gramu 150 bila ngozi, minofu ya samaki iliyoiva gramu 150, maharage yaliyoiva gramu 250, maziwa nusu lita, ugali wa unga gramu 100 na ndizi mbivu mbili. Mboga za majani kula upendavyo. Ugali umo, na maharage yamo, ila yahesabu pande zote mbili: hizo gramu 250 zina protini 22 na wanga 57.

Sasa angalia mafuta. Vyakula hivyo vina gramu 44 hivi kabla hujawasha jiko. Zimebaki 20, yaani kijiko kimoja na nusu cha chakula kwa siku nzima! Kijiko kimoja kina kalori 120, na anayemimina kwa macho humaliza vitatu kwenye sufuria moja ya mchicha. Hapa ndipo mipango mingi inapovunjika. Karanga nazo ni chanzo cha mafuta kuliko protini: karibu nusu ya uzito wake ni mafuta.

Pima unga na mchele vikiwa vikavu. Mchele mkavu gramu 100 una wanga kama 80, wali ulioiva gramu 100 una 28. Ukichanganya namba hizo, hesabu yote imeharibika.

Jipime kila asubuhi baada ya kutoka chooni, kisha linganisha wastani wa wiki na wiki. Wiki ya kwanza uzito hushuka haraka kwa sababu ya maji, usiihesabu. Lengo ni gramu 300 hadi 500 hivi kwa wiki. Wastani ukigoma wiki mbili mfululizo, punguza kalori 150 kwenye wanga, ukianzia na sukari ya chai, na protini iache ilivyo.