Jina la ukoo wetu halimo kwenye kitabu cha ubatizo Masasi. Nianzie wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninaishi Dar es Salaam, ila babu mzaa baba alizaliwa Masasi na kufia huko 1987. Nimekwenda mara mbili kutafuta habari za ukoo. Kwenye parokia moja karani alipekua kitabu cha ubatizo akaniambia jina letu la ukoo halimo. Cheti cha ubatizo cha babu, ambacho ni cha Kianglikana, kina jina moja, kadi yake ya TANU ina jingine. Tena wazee wanasema tulitoka Unguja, na papo hapo wanasema sisi ni Wamakua. Wamakua na Unguja wapi na wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Karani hakukosea. Alitafuta ulichomwambia atafute, na hicho hakikuwahi kuandikwa.

Jina lako la tatu ni la babu yako. Jina la tatu la baba yako ni la baba wa babu yako. Kila kizazi kinasogea hatua moja, kwa hiyo hilo unaloliita jina la ukoo lina umri sawa na cheti chako cha kuzaliwa. Ukilipeleka kwenye kitabu cha miaka ya 1910 unatafuta kitu ambacho bado hakijazaliwa.

Kusini kuna jambo la pili. Mvulana wa Kimakua au wa Kiyao alikuwa na jina la utotoni, kisha akitoka jandoni anapata jipya, na kumwita kwa lile la zamani ni kumvunjia heshima. Akibatizwa anapata la tatu. Akienda kukata mkonge akaandikishwa manamba, huenda karani wa shamba akamwandika kwa lolote lililomjia masikioni. Majina mawili ya babu yako ni machache, mimi nimekutana na wenye manne. Kwa hiyo usitafute kwa jina. Rudi parokiani na tarehe iliyo kwenye cheti, jina la kijiji na jina la padri aliyebatiza, kisha omba usomewe mistari yote ya siku ile na ya wiki zinazoizunguka. Watu walibatizwa kwa makundi, na ndugu huwa wamekaa jirani kwenye ukurasa.

Sasa Unguja. Wazee wako hawajipingi.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873. Waanglikana wa misheni ya UMCA walikuwa na kijiji cha waliokombolewa pale Mbweni, wengi wao wakiwa wametolewa kwenye majahazi yaliyokamatwa na manowari za Waingereza. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alilichukua kundi la watu hao, akapitia Lindi kuwarudisha upande wa Nyasa walikotekwa wengi wao. Walipofika Masasi, chini ya yale majabali, waliipenda nchi wakaomba kubaki. Mji wa misheni ulianzia hapo. Miongoni mwa watu wa namna hiyo walikuwemo Wayao, Wanyasa na Wamakua, watu wa bara hili hili waliopitishwa Kilwa na kuvushwa bahari. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa wa bara na kutoka Unguja kwa wakati mmoja.

Lakini usikimbilie hapo tu, kwa sababu kuna njia nyingine. Misheni ilikuwa na chuo Kiungani, Unguja, na vijana wa Masasi walipelekwa huko kusomea ualimu na upadri. Baadhi ya koo zinasema "tulitoka Unguja" kwa sababu mzee wao alirudi kutoka chuoni. Tofauti utaiona kwenye vitabu: aliyekombolewa mara nyingi alibatizwa Unguja, na kitabu cha Masasi kitaanza kumtaja kwenye ndoa au anapobatiza watoto wake. Aliyekwenda kusoma ana wazazi waliotajwa kwa kijiji cha hapo hapo. Kama babu yako alizaliwa karibu na 1910, unayemtafuta ni baba yake au babu yake.

Ninachokuomba ni namna ya kuuliza. Usimwendee mzee na simu inayorekodi ukamuuliza, "Je, tulikuwa watumwa?" Atakuaga kwa heshima na hutapata neno tena. Kule kumwambia mtu hana ukoo ni tusi zito, na watu wamelifunika jambo hili kwa vizazi vinne ili watoto wao waoe na kuolewa kwa amani. Uliza: "Alipofika, nani alimpokea? Alipewa shamba na nani? Alioa kwa nani?" Maswali hayo yanampa mzee nafasi ya kusema anachotaka kusema, na majibu yake yanakufaa zaidi kuliko ndiyo au hapana. Na akikuambia jambo kwa siri, lisitoke kwenye daftari lako kwenda kwenye kundi la familia la WhatsApp.

Hili la "alioa kwa nani" ndilo ufunguo wako. Wamakua, Wayao na Wamakonde wanahesabu ukoo kwa mama. Mtoto ni wa *nihimo* ya mama yake, Wayao wanasema *lukosyo*, na mwenye sauti ni mjomba. Wewe umekwenda mara mbili ukifuata baba wa baba wa baba, na vitabu vya misheni vimekusaidia kupotea, maana Wazungu walianza na jina la baba. Fikiria mwanamume aliyefika kutoka Mbweni, peke yake, akaoa binti wa Kimakua wa hapo. Watoto wake ni Wamakua kamili kwa nihimo ya mama, na bado watasema baba yetu alitoka Unguja. Sentensi mbili zilizokuchanganya huenda zinahusu watu wawili, mume na mke. Safari ijayo nenda kwa dada za babu kama wapo, au kwa watoto wa dada zake, si kwa wajukuu wa kiume. Uliza nihimo, na uliza ilikuwa na makao wapi kabla ya Masasi. Usishangae ukitajiwa ng'ambo ya Ruvuma.

Miaka usiiulize kwa tarakimu. Uliza kama alizaliwa kabla Magwangwara, yaani Wangoni, hawajauvamia mji (1882), kabla ya Maji Maji (1905), wakati wa Vita vya Kwanza, au kama alifanya kazi ya karanga Nachingwea, mradi ulioanza 1947 ukafa 1951. Kwa miaka ya karibu, kipimo ni kuhamia vijijini, 1973 hadi 1976. Uhamaji huo umeacha mahame, yaani makazi ya zamani yaliyohamwa, na ni bora ukatembezwe kwenye la kwenu. Makaburi yako huko, na mikorosho pia. Ukiuliza nani alirithi mikorosho ipi, unasomewa ukoo mti kwa mti.

Kuhusu nyaraka, nitasema kwa kifupi. Nyaraka za Taifa ziko Dar es Salaam, na usiombe faili za Masasi peke yake: wakati wa Mjerumani eneo hilo lilitawaliwa kutoka Lindi, na wakati wa Mwingereza lilikuwa ndani ya Jimbo la Kusini. Omba pia vitabu vya wilaya, ambamo maofisa wa Kiingereza waliandika habari za koo na majumbe. Unguja, Nyaraka za Kilimani zina kumbukumbu za ubalozi wa Uingereza, zikiwemo orodha za waliokombolewa. Karatasi za UMCA zenyewe zimehifadhiwa Oxford, katika maktaba ya Bodleian. Tahajia itakuhangaisha. Mjerumani ameandika Njassa kwa Nyasa, Waingereza wa zamani wameandika Ajawa kwa Wayao, na Magwangwara wao ni Wangoni. Soma kwa sauti, usisome kwa macho tu.

Kabla ya nauli na barua za utambulisho, kitoe cheti cha babu ukiangalie tena. Chini ya jina lake pameandikwa wadhamini wa ubatizo. Watu huwaruka, lakini kwa mtu aliyefika mahali bila ndugu, mdhamini ndiye aliyekuwa ndugu. Nenda na majina hayo parokiani, uone wamedhamini watoto gani wengine kijijini, kisha niandikie.