Platuni, kombania, KJ: mwanao yuko wapi hapo?

Shikamoo mama wa Uyole. Umeuliza kijana wako aliyeko JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) Mafinga ana maana gani akiandika "seksheni ya 3, platuni ya 2, kombania B, 841 KJ", na kama hizo 841 ni idadi ya watu.

Hapana, mama. KJ ni Kikosi cha Jeshi, na 841 ni jina lake tu, kama namba ya nyumba. Kambi ya JKT ya Itende hapo Mbeya ni 844 KJ, wala haina maana kwamba wamezidi watatu.

Yasome kuanzia dogo. Seksheni ni kama watu kumi, wanakimbia mchakamchaka pamoja na koplo wao. Hao ndio watakaojua kijana akiumwa. Seksheni tatu hivi ni platuni, watu 30 na kitu, kwa kawaida chini ya luteni. Platuni kadhaa ni kombania, mia na zaidi, ya kapteni au meja. Juu yake batalioni, brigedi, divisheni, hizo zisikusumbue.

Ukimtumia sweta (baridi ya Mafinga unaijua), andika yote manne. Ukiandika "JKT Mafinga" pekee, mzigo utazunguka.