Mhafidhina na opera: anzia kwenye wosia

Swali la wiki: "Opera imejaa watumishi wanaowashinda mabwana, mabinti wanaowatoroka baba zao na wafalme wanaouawa. Je, mtu wa siasa za kihafidhina anaweza kuipenda na kuilea familia yake nayo bila kujidanganya?"

Ndugu Mhariri,

Anaweza, ila kwanza aache kuitafutia opera kadi ya chama. Sisi tunaojiita wahafidhina tunakosea tangu mlangoni. Tunaisifu kwa kuwa ni ya kale, ina mavazi mazito na kumbi zilizopakwa dhahabu, kisha tukiketi kuisikiliza tunakuta kinyozi anamzidi akili mwenye cheo, tunaanza kujikunakuna. Swali lenu linauliza nani anamshinda nani. Opera hukaa zaidi kwenye kilichovunjika na nani atakiunga, na kinachovunjika humo, mara nyingi kuliko ufalme, ni nyumba.

Tazameni Le nozze di Figaro ya Mozart, Vienna, 1786. Tamthilia ya Mfaransa Beaumarchais iliyozaa opera hii Kaisari Joseph II alikuwa ameizuia isiigizwe. Mwandishi wa maneno, Lorenzo Da Ponte, akaipunguza makali: ile hotuba ya mtumishi Figaro ya kumsuta kabaila kwamba kazi pekee aliyoifanya ni kuzaliwa ikatolewa, mahali pake ikaingia aria, yaani wimbo wa mtu mmoja, ya kuwalalamikia wanawake. Mpenda mapinduzi ataona ameibiwa. Mimi naona kilichobaki kina uzito zaidi. Mwisho wa tendo la nne Kabaila Almaviva anadhani amemfumania mkewe, na wote wanaopiga magoti kumwombea msamaha anawajibu hapana, hapana, hapana. Kisha mkewe halisi anajitokeza upande wa pili, na kumbe mwenye hatia ni Kabaila mwenyewe. Okestra inatulia, anapiga goti, na anaomba msamaha kwa mstari mfupi ambao mtoto anaweza kuuimba. Mke anajibu kwamba yeye si mgumu kama mumewe, anakubali. Hakuna aliyenyang'anywa cheo. Aliyekuwa na amri ameomba radhi hadharani, mbele ya watumishi wake. Mhafidhina asiyeona siasa hapo anadhani siasa ni kura tu.

Sikatai kwamba opera imewahi kuwasha moto wa kweli. Tarehe 25 Agosti 1830 mjini Brussels, opera La muette de Portici ya Auber ilipooneshwa, watu walitoka ukumbini wakaingia mtaani, na ghasia za usiku ule zikafungua njia ya uhuru wa Ubelgiji. Mtunzi Verdi naye aliingia katika bunge la kwanza la Italia iliyoungana mwaka 1861. Wakaguzi wa serikali walimwandama miaka mingi kabla ya hapo. Katika Rigoletto (Venice, 1851) walikataa mfalme wa Ufaransa aoneshwe akiwa mzinzi, ikabidi mfalme awe mtawala wa Mantua. Ukaguzi ule haukuwa na faida yoyote. Walishughulika na taji, wakaacha kisu chenyewe: baba anayemfungia binti ndani ili dunia isimguse, huku mchana anafanya kazi ya kuwacheka mabinti wa wenzake walioharibiwa. Mzazi mwenye msimamo kama wangu, anayeamini kuta na kufuli, aitazame mara 2.

Sasa nyumbani. Kosa la kwanza la mwenye shauku ni kuanza na kubwa: Wagner wa saa 4 na ushee, au Don Carlos ya Verdi yenye matendo 5. Familia inachoka, na opera inapata jina baya ambalo haliondoki. Anza na Gianni Schicchi ya Puccini. Ilioneshwa mara ya kwanza New York tarehe 14 Desemba 1918, ina tendo moja, haifiki saa moja, inachekesha, na habari yake ni mirathi. Kila ukoo unaielewa kabla pazia halijafunguka.

Hadithi iko Florence, mwaka 1299. Tajiri Buoso Donati amekata roho, na ndugu wamezunguka kitanda wakijikamua machozi. Mmoja ananong'ona kwamba mali yote ameachiwa watawa. Machozi yanakauka papo hapo, wanapekua makabati. Kijana Rinuccio anaupata wosia, ila haukabidhi mpaka shangazi Zita aahidi kumwacha amwoe Lauretta, binti wa Schicchi, mtu wa shamba asiye na ukoo. Wanasoma: kweli, watawa wamechukua kila kitu. Schicchi anaitwa atoe akili. Zita anamtukana kwa kukosa mahari ya binti yake, ambayo kule ilitoka upande wa bibi harusi, naye anageuka aondoke. Hapo Lauretta anaimba "O mio babbino caro", wimbo wa dakika 2 na kidogo ambao watu huuweka harusini na mazishini wakidhani ni sala. Si sala. Binti anamwambia baba yake: usiponiachia huyu kijana nitajitupa mtoni Arno. Ni kitisho kilichopakwa asali, na baba analegea. Wasimamisheni watoto hapo, waulizeni kama wameona kilichofanyika. Wataona, wao ndio mabingwa wa kazi hiyo.

Schicchi anaingia kitandani mwa marehemu, anaigiza sauti yake, anaitiwa mwandishi wa nyaraka aandike wosia mpya. Kabla ya hapo amewakumbusha sheria ya mji: anayeghushi wosia, na waliomsaidia, hukatwa mkono na kufukuzwa. Basi anawagawia ndugu vipande vidogo vidogo, na vile vinono, yaani nyumbu, nyumba na vinu vya Signa, anajiandikia mwenyewe. Hawawezi kupiga kelele, maana kila wakifungua mdomo anawaimbia kwaheri ya Florence huku akiwapungia mkono wenye kiganja kilichofichwa ndani ya mkono wa nguo. Edmund Burke, mwanafikra wa kihafidhina, aliandika mwaka 1790 kwamba jamii ni ubia wa walio hai, waliokufa na watakaozaliwa. Chumba hiki kina maiti, warithi na wachumba wawili, na ubia unaibiwa mbele ya macho yetu tukicheka. Siasa mbichi hiyo, tena haina bendera wala hotuba.

Maandalizi yachukue siku 3, si zaidi. Siku ya kwanza simulia kisa kwa dakika 10, pamoja na mwisho wake. Opera si filamu ya upelelezi; maneno yanaimbwa, mengine yanarudiwa, mengine yanafunikwa na okestra, na asiyejua kisa anapoteza nguvu kwenye kutafuta nani ni nani. Siku ya pili piga nyimbo 2 au 3 tu wakati watu wakiosha vyombo, kila mmoja mara 2, bila mhadhara. Sikio hupenda linachokitambua, kwa hiyo wimbo ukija jukwaani siku ya tatu, mtoto aliyekuwa analala atanyanyua kichwa.

Sauti ndiyo inayoharibu jioni nyingi. Waimbaji wa opera hufundishwa kupenya juu ya okestra nzima bila maikrofoni, na rekodi nzuri hubeba tofauti ile yote, kutoka mnong'ono hadi kishindo. Ukiweka kiwango kwa kufuata sehemu ya upole, kwaya ikiingia utarukia rimoti, halafu utashinda usiku mzima unapandisha na kushusha. Tafuta kwanza pale penye kishindo kikubwa, weka sauti ivumilike hapo, kisha usiiguse tena. Zima mpangilio wa televisheni unaosawazisha sauti wenyewe, maana unaupandisha mnong'ono na kukiminya kishindo mpaka vyote vinakuwa uji. Spika za nje, hata ndogo, zinazidi zile za nyuma ya televisheni. Ziunganishe kwa waya ukiweza: zisizo na waya mara nyingine huchelewesha sauti, mdomo unafunga na noti inafuata baadaye, na ukishaliona hilo huwezi kuacha kuliona.

Maandishi ya tafsiri yawashwe. Kuna watu wa upande wangu wanaoyaona ni uvivu wa kisasa, na ni kweli ni mageni: jukwaani yalianza Toronto, Januari 1983. Katika hili nimejitenga na wenzangu. Kuketi saa 3 bila kuelewa neno si heshima kwa mapokeo. Mtoto asiyejua kusoma anong'onezwe mstari mmoja kwa kila tukio. Ukimtafsiria kila sentensi utaimaliza opera wewe, yeye hataisikia.

Kwa zinazofuata, gawa kwa matendo, tendo moja kila jioni, na simamisha pazia linaposhuka, kamwe si katikati ya wimbo. Hansel und Gretel ya Humperdinck (1893) iko chini ya saa 2 na inawafaa wadogo, ingawa mama anayewafukuza watoto msituni kwa hasira ya njaa huwaumiza kuliko mchawi. La bohème ina muziki usiofika saa 2. Die Zauberflöte ya Mozart (1791) ina mazungumzo ya kawaida katikati ya nyimbo, kwa hiyo mtoto hapotei, lakini mzazi aipitie mwenyewe kwanza: ina mistari ya kuudhi juu ya mtu mweusi na juu ya wanawake. Wengine huifuta. Mimi ningeiacha na kuizungumzia, maana kurithi ni pamoja na kupokea deni.

Mkibahatika kwenda ukumbini, viti vya juu kabisa mara nyingi ni vya bei ndogo na sauti hufika vizuri. Vya pembeni hukata sehemu ya jukwaa, na vilivyo ndani chini ya roshani sauti yake huwa imefifia. Mstari wa mbele shingo itauma kwa kutazama maandishi juu. Fikeni mapema, kwani kumbi nyingi huwazuia waliochelewa nje mpaka mapumziko. Peremende zimenyeni kabla taa hazijazimwa. Makofi, ngojeni okestra inyamaze.

Mtakutana pia na mwongozaji aliyewavalisha watu wa karne ya 18 suti na kuwaweka kwenye maegesho ya magari. Hasira ya mhafidhina hapo naijua, ila aitumie kwa kiasi. La traviata Verdi aliitaka kwa mavazi ya siku zake. Ni wenye mamlaka wa Venice mwaka 1853 waliorudisha hadithi nyuma hadi karibu 1700. Wanaodai "mavazi ya asili" kwa opera ile wanaweza kuwa wanamtetea mkaguzi dhidi ya mtunzi. Kipimo changu ni kidogo tu: je, baba Germont anapomwomba Violetta, mwanamke wa starehe, amwachie mwanawe ili binti yake apate kuolewa, bado naamini kwamba ombi lile lina uzito? Kama mwongozaji amemfanya baba kikaragosi, ameharibu kazi hata kama kila kifungo ni cha enzi ile. Yule mzee anatetea familia yake kwa kumvunja mtu asiye na familia. Mimi niko upande wake wa siasa, na kila mara naona haya.

Kuhusu nani alipe gharama za kumbi, wahafidhina hatupatani wenyewe kwa wenyewe: Ujerumani serikali hubeba mzigo, Marekani wafadhili binafsi. Sitaumaliza mjadala huo hapa.

Mwenye kuhofia kwamba opera itamgeuza mtoto kisiasa amtazame Antonin Scalia na Ruth Bader Ginsburg, waliokuwa majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, Scalia mhafidhina, Ginsburg mliberali, wakipingana kwa kalamu kali katika kesi nzito. Mwaka 1994 walipanda jukwaani pamoja mjini Washington wakiwa wahusika wasio na maneno katika opera Ariadne auf Naxos. Familia zao zilikuwa zikiukaribisha mwaka mpya pamoja. Opera haikumhamisha yeyote kati yao hata hatua moja.

Don Carlos ibaki ya mwisho, na iwe ya watu wazima. Msiimalize kwa mkupuo. Chukueni onyesho moja tu, mwanzo wa tendo la nne katika toleo la matendo 5, ambalo ni la tatu katika lile la matendo 4. Mfalme Philip wa Hispania yuko peke yake alfajiri, selo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, inalia peke yake, anasema mkewe hakumpenda kamwe. Kisha anaingia Mkuu wa Baraza la kuhukumu wazushi, kipofu wa miaka 90, na waimbaji wawili wa besi, sauti nzito kabisa ya kiume, wanakabana katika giza la chini kabisa la okestra. Zingatieni nani anauliza na nani anajibu. Watoto wawe wamelala. Matusi hamna humo, ila swali la mfalme ni kama anaweza kumuua mwanawe akabaki Mkristo, na jibu la kasisi halichukui hata muda wa kuvuta pumzi.