Re: Watoto watatu, siku moja, ufukwe wa Kivu: tutaona nini?

Mama, umesema watoto wako wa miaka 5, 8 na 11 wanataka kuona wanyama ziwani na hamuwezi kufika mbuga ya Virunga. Hapa Goma inawezekana, ila waambie mapema: Ziwa Kivu halina mamba wala viboko. Watafute ndege.

Kaeni kimya juu ya mawe ya volkano, mdiria mweusi na mweupe atakuja. Anasimama hewani mabawa yakipiga, kisha anajitupa majini kichwa mbele. Watoto wangu walimtazama saa nzima bila kuomba simu. Mnandi naye hutanua mabawa ayakaushe juani. Darubini moja inatosha, mtabadilishana.

Sasa, mazuku. Hili ndilo linaloniumiza moyo nikiona watoto wakikimbia popote. Ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Ni nzito, hulala kwenye mabonde na mashimo karibu na ziwa, haionekani. Mtu mzima akisimama anaweza kupumua vizuri wakati mtoto mfupi yuko ndani yake. Usiku na alfajiri bila upepo ndiyo hatari zaidi. Kwa hiyo nendeni alasiri, kaeni palipoinuka, waulize wenyeji, na mkikuta ndege au mjusi amekufa shimoni, msishuke kumtazama.

Bakini hadi kama saa kumi na moja na nusu jioni, muone mitumbwi ya sambaza ikitoka. Samaki hao wadogo waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika miaka ya 1950 ikielekea kuisha. Mkubwa wako atapenda kujua hilo.