Kabla ya Kumpandisha Mbwa Wako

SWALI: Nina jike la mbwa mchungaji wa Kijerumani, mwenye umri wa miezi 11, na jirani yangu ana dume wa aina hiyo hiyo mwenye umbo zuri sana. Je, nikiwapandisha sasa nitapata watoto bora? (Msomaji, Lubumbashi)

JIBU: Ndugu msomaji, tunakuomba sana usubiri. Jike wa miezi 11 bado anakua mwenyewe, na nyonga zake haziwezi kuamuliwa kwa uhakika. Huko Marekani, shirika la OFA, linalokagua afya ya mifupa na viungo vya mbwa, halitoi cheti cha kudumu cha nyonga kabla mbwa hajatimiza miezi 24. Aina hii hurithi mara nyingi ugonjwa wa nyonga, ambapo kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa ndani ya tundu lake, na mbwa anayekimbia vizuri leo anaweza kuwa nao bila wewe kutambua. Kwa hiyo mwombe daktari wa mifugo apige picha ya eksirei ya wote wawili, mbwa akiwa amelazwa kwa dawa na miguu ya nyuma imenyooshwa. Uliza pia habari za wazazi na ndugu zao, kwa kuwa mzazi asiye na dalili huweza kuwarithisha watoto ugonjwa huo, na ukikuta wana babu mmoja, tafuta dume mwingine.

Umbo, kwa maoni yetu, lije baada ya tabia. Mtazame dume huyo wakati mtu mgeni anapoingia langoni: akijificha kwa woga au akitaka kuuma bila sababu, asizalishwe.