Barua kwa mwanangu: kwa nini mama yako anakimbia

Mwanangu,

Marahaba, mama. Ujumbe wako nimeusoma. Shangazi yako kakutumia picha yangu niko barabarani na raba, jasho linatiririka, nawe ukaniuliza: "Mama, umri huo unakimbilia nini? Na magoti je?" Kwenye simu tungeishia kubishana, ndiyo maana nimeamua kukuandikia.

Nianze na magoti, maana ndiyo yanayokunyima usingizi. Kabla sijaanza nilikwenda hospitali, nikapimwa presha na sukari, moyo ukasikilizwa. Daktari akanionya kwamba moyo na mapafu huzoea mbio upesi kuliko kano na mifupa. Wiki chache tu pumzi inakaa sawa, mtu anajiona ameiva, anaongeza kasi na masafa, na hapo ndipo anapoumia. Kwa hiyo nilianza kwa kuchanganya: nguzo ya umeme hadi nguzo nakimbia, inayofuata natembea. Nikishindwa kuongea sentensi nzima, najua nimezidisha, napunguza. Na hilo la mbio kusaga magoti, watafiti waliolinganisha watu wanaokimbia kwa kujifurahisha na wasiofanya mazoezi wamekuta wanaokaa tu ndio wanaosagika zaidi.

Sasa unakimbilia nini. Mwanangu, napenda. Sikutumwa na daktari wala sitafuti kurudi usichana. Shuleni tulikimbia mchakamchaka alfajiri, kwa filimbi na nyimbo, na aliyebaki nyuma alichapwa. Baada ya hapo ikawa kazi, ninyi, kisha kumuuguza bibi yako. Ndivyo siku zilivyokuwa, na sizilalamikii. Lakini katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuuliza mwili wangu unapenda nini, na mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza. Leo ninyi mmeshika njia zenu, na saa kumi na mbili asubuhi imekuwa yangu.

Naishika barabara ya Mweka. Unaijua, ni kupanda tu, migomba na kahawa huku na huku. Mapema hivyo Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kinaonekana chote, kabla mawingu hayajakifunika. Penye mwinuko nafupisha hatua, naacha mikono inivute. Robo saa ya kwanza ni ngumu kila siku, hiyo haijabadilika. Halafu pumzi inaacha kugombana na miguu, vinakwenda pamoja, na kichwani panatulia kuliko nikiwa nimelala. Hicho ndicho ninachokikimbilia. Akina mama wanaoshuka na maziwa kwenda mjini, mwanzoni walikuwa wakiniuliza, "Kuna mgonjwa nyumbani?" Mwanamke wa umri wangu akionekana anakimbia asubuhi, watu hufikiria msiba. Sasa wananisalimu na kunipisha.

Nimesoma habari za mwanamke mmoja wa Uingereza, Priscilla Welch. Alikuwa mvutaji wa sigara, akaanza kukimbia akiwa na miaka thelathini na kitu. Mwaka 1987, akiwa na miaka 42, alikimbia marathoni ya London kwa saa 2, dakika 26 na sekunde 51, na mwaka huohuo akashinda ya New York. Muda wake haunihusu, mimi siufikirii kabisa. Kinachonigusa ni kwamba uwezo ule alikuwa nao mwilini miaka yote akivuta sigara, na hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe. Najiuliza ni wanawake wangapi hapa Moshi wamezikwa na uwezo wao bila kuugusa. Hilo linaniuma, nakwambia kweli.

Watu watasema, najua, na shangazi yako ameshasema. Navaa traksuti pana, najifunga kitambaa kichwani, naheshimika vizuri tu.

Kilimanjaro Marathon inakimbiwa hapa kwetu tangu 2003, na safari hii nimejiandikisha nusu, kilomita 21. Inapanda hukohuko Mweka kisha inarudi uwanja wa Ushirika. Omba ruhusa kazini mapema uje, chumba chako kipo. Ukitaka kukimbia nawe, zipo za kilomita 5, ila raba nunua sasa uzivae zizoee mguu. Mpya siku ya mbio zitakutoa malengelenge.

Wasalimie wajukuu zangu.

Mama yako