Jibu: Ampu ya gitaa inavuma ikiungwa kwenye mixa

Mkuu, kama ampu ikiwa peke yake imetulia na mvumo unaanza ukichomeka tu waya wa mixa (mashine ya kuchanganya sauti), gitaa halina kosa. Ethi (waya wa usalama wa umeme) za ampu na mixa zinaunda mzunguko kupitia waya huo, ndio unaovuma: ampu inakula umeme wa jukwaani, mixa wa nyuma ya ukumbi. Zichomeke zote soketi moja kwanza. Mvumo ukibaki, tafuta DI boksi, kiboksi cha kupitishia sauti kwenda mixa (Kariakoo zipo): waya utoke line out ya ampu (tundu la kutolea sauti) uingie kwenye boksi, waya wa XLR (wa pini tatu, kama wa maiki) utoke kwenye boksi uende mixa, kisha bonyeza kiswichi cha "lift" kwenye boksi, kinachokata ethi ya waya wa sauti tu.

Pini ya ethi kwenye plagi usiikate, hata fundi akikuapia! Ampu ikipata shoti, unashika nyuzi, mdomo uko kwenye maiki, umeme unapita kwako. Na tundu la spika la ampu usiliunge kwenye mixa, utaiunguza mixa.